Noti inayokataa: ilimba ya Wagogo na albamu ya kwanza ya bendi ya majaribio

Weka ilimba ya Kigogo, ule ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na gitaa la umeme kwenye chumba kimoja. Linganisha "do" ya vyombo vyote viwili, kisha vipandishe pamoja ngazi kwa ngazi. "Re" itapita. "So" itapita bila ubishi. "Mi" itakuwa na uchachu kidogo, wa kuvumilika. Ukifika kwenye noti ambayo wanakwaya wanaiita "ta", vyombo vinagombana waziwazi: sauti inayumba kama tochi yenye betri inayokwisha, na kila aliyepo anamgeukia mwenzake kuuliza nani kakosea.

Hakuna aliyekosea. Noti za Wagogo zinatoka kwenye hamoniki, yaani sauti ambazo uzi mmoja huzitoa wenyewe ukijigawa sehemu 6, 7, 8, 9 na 10. Gitaa na kinanda vimegawanya oktava kwa mkato wa mashine, vipande 12 vilivyo sawa, na kila kipande kina senti 100. Chukua "do" iwe D ya uzi wa nne wa gitaa, hezi 146.8, yaani mitetemo kwa sekunde. "Ta" ya ilimba ni hamoniki ya 7, hivyo 146.8 mara 7 gawanya kwa 4, unapata hezi 257. C ya gitaa, pale kwenye freti (vile vyuma vya kukingama shingoni mwake), ni 261.6. Tofauti ni hezi 4.7, na hiyo ndiyo idadi ya mayumbo unayoyasikia kila sekunde. Kwa senti, ilimba iko 31 chini ya gitaa. Kwenye "mi" tofauti ni senti 14 tu, kwenye "so" ni 2, ndiyo maana hizo hazileti ugomvi mkubwa.

Bendi yoyote ya Dodoma inayotaka kutoa albamu ya rock ya majaribio yenye sauti za Ugogo itakutana na noti hii wiki ya kwanza ya mazoezi. Hapo ndipo albamu inapoamuliwa, mapema kabisa, kabla ya mashairi, jalada na video. Ukimwambia mwenye ilimba asogeze vyuma vyake vifuate gitaa, utapata albamu isiyomuudhi mtu. Ukiiacha "ta" pale ilipo, utapata albamu ambayo nusu ya wasikilizaji watasema imepigwa nje ya sauti. Msimamo wa makala haya ni kwamba ugomvi huo wa pili unafaa, na bendi ilipe gharama zote kuhakikisha watu wanagombana juu ya hilo tu, wasije wakagombana juu ya maiki iliyowekwa vibaya.

Maana albamu za kwanza za aina hii hugawanya watu kwa sababu mbili, na wenye bendi hupenda kuzichanganya. Kuna wazo lenyewe, ambalo mtu analisikia vizuri kabisa na kulikataa. Kisha kuna uzembe wa ufundi, pale mtu anapokataa kitu ambacho hata hakukisikia. Bendi ikishambuliwa kwa uzembe hukimbilia kusema "hamjatuelewa".

Mfano unaotajwa kila mara ni albamu ya kwanza ya bendi ya New York, The Velvet Underground, waliyoitoa na mwimbaji Nico mwezi Machi 1967. Hutajwa kwa sababu ya ndizi ya Andy Warhol kwenye jalada na kwa sababu ya msemo uliochakaa kwamba wachache walioinunua wote walianzisha bendi. Cha kujifunza kiko ndani zaidi. Sehemu kubwa ilirekodiwa Aprili 1966 katika studio ya Scepter, New York, kwa siku chache. Redio hazikuitaka, mashairi yalizungumzia dawa za kulevya bila kuficha, na kwenye orodha ya Billboard haikupanda zaidi ya nafasi ya 171. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliiweka ya 13 katika albamu zake 500 bora za nyakati zote. Kazi ni ileile. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Tazama walichofanya kwa vyombo, maana kina undugu na Dodoma kuliko wanavyodhani wengi. John Cale wa bendi hiyo aliichonga daraja ya viola yake iwe bapa ili upinde uguse nyuzi tatu kwa mpigo mmoja, akafunga nyuzi za gitaa, akashikilia sauti moja ndefu bila kuiachia. Mzee anayekuna zeze kule Mvumi, Ugogoni, angemwelewa. Cale alitoka kwenye kundi la mtunzi La Monte Young, ambalo lilishikilia noti kwa muda mrefu mno na kuzilinganisha kwa uwiano wa namba nzima, likiachana kabisa na ulinganisho wa piano. Hesabu hiyo ndiyo ile ya hamoniki. Lou Reed kwa upande wake, kwenye nyimbo mbili za albamu hiyo, alifunga nyuzi zote za gitaa kwenye noti moja kwa oktava tofauti, hivyo hakukuwa na "mi" wala "ta" ya kugombania. Moe Tucker alipiga dramu amesimama, ngoma kubwa ameilaza, anatumia virungu vyenye vichwa laini, na matoazi aliyagusa kwa nadra.

Hayo matatu ni orodha ya kazi kwa bendi ya hapa. Tuanze na matoazi, kwa sababu ndiyo yanayoharibu haraka.

Ilimba nzuri haitoi noti tupu. Kwenye ubao wake kuna matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na vyuma vina pete zinazovuma. Mvumo huo ndio ladha. Unaishi kwenye masafa ya juu, palepale matoazi ya dramu yanapotawala. Mpiga dramu akifungua toazi dogo kwa kila pigo kama alivyozoea kwenye rock ya kawaida, mvumo wa ilimba unafutika na kinachobaki ni tik-tik ya chuma. Mhandisi wa sauti ataongeza ilimba, kisha matoazi yatapandishwa kulipiza, na mwisho albamu nzima inachoma sikio. Suluhisho ni kuondoa matoazi kwenye nyimbo zenye ilimba, yote, na kumpa mpiga dramu kayamba au njuga za mguuni zipigwe umbali wa mita 3 kutoka kwenye maiki ya ilimba.

Maiki yenyewe iwe kondensa ndogo, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye tundu. Pikapu ya kubandika inasaidia jukwaani ili spika zisipige mluzi, ila studio isitumike peke yake: inanasa kishindo cha vidole gumba na kuuacha nje mvumo, kwa sababu mvumo unatokea hewani kwenye utando, hautokei kwenye ubao. Kabla ya kila siku ya kurekodi, kagua utando. Ukichanika hata kidogo, traki ya leo na ya jana hazitafanana, na hakuna kifaa cha kumiksi kitakachozilinganisha.

Gitaa sasa. Lifuate ilimba, ilimba isifuate gitaa. Sababu si heshima kwa mila peke yake. Ilimba kubwa ina vyuma vya pembeni visivyopigwa, vinavyoitikia vyenyewe pale vya katikati vinapopigwa. Ukivuta "ta" juu kwa senti 31 ili impendeze mpiga gitaa, vile vinavyoitikia vinanyamaza, na chombo kinakufa nusu ya sauti yake. Watu watasema ilimba hii ni mbovu.

Hatua ya kwanza, pima. Tyuna ya simu inayoonyesha senti inatosha. Piga "do" ya ilimba mara kumi, andika wastani. Mara nyingi utakuta haiko kwenye D wala kwenye kitu chochote cha kinanda. Tuseme iko senti 40 chini ya D. Shusha nyuzi zote za gitaa na besi kwa senti 40. Kwenye kinanda, ingia kwenye mipangilio ya sauti kuu, toa hezi 440 weka 430. Nyuzi za gitaa zitalegea kidogo na kuanza kugonga freti, kwa hiyo kama kawaida unafunga seti ya 9 au 10, funga ya 11, iliyo nene zaidi. Andika namba hizo kwa kalamu ya wino kwenye ukuta wa studio. Albamu nyingi za mchanganyiko zimeharibika kwa sababu besi ilirudiwa wiki ya pili na mtu aliyelinganisha kwa 440.

Hatua ya pili ni kukubali kwamba freti haziwezi kuipiga "ta" ya Kigogo. Usijaribu kuibana kwa kuvuta uzi: ukivuta, noti inapanda, na wewe unahitaji ishuke. Njia rahisi ni gitaa kubaki na "do" na "so" pekee na kuiachia "ta" ilimba na waimbaji. Njia ya Reed, nyuzi zote noti moja, inafika palepale kwa kishindo kikubwa zaidi. Chupa ya kutelezesha juu ya nyuzi inaweza kuipata, kwa mtu mwenye sikio na subira.

Njia ya nne ndiyo inayotufurahisha. Uzi wa D ukiguswa tu bila kubanwa, kwenye sehemu ya saba ya urefu wake, unaitoa hamoniki ya 7 yenyewe. Kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 648 kutoka kwenye nati, kile kipande cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopita, hadi daraja, mahali hapo ni milimita 92.6 kutoka kwenye nati, yaani sentimita 1 kabla ya freti ya 3. Gusa hapo kwa ncha ya kidole, piga karibu na daraja, ondoa kidole. Itatoka nyembamba, oktava mbili juu, na italala juu ya "ta" ya ilimba bila mayumbo hata kidogo. "Mi" ya Kigogo nayo iko milimita 4 kabla ya freti ya 4. Kumbe gitaa lina Kigogo tangu lilipotoka kiwandani. Freti ndizo zinazokificha. Bendi itakayojenga wimbo mzima juu ya noti hizo mbili zilizofichwa itakuwa na wazo, na ambaye hatalipenda atakuwa amelisikia.

Kuna anayesema njia hii imeshajaribiwa na hakuna jipya. Anamaanisha kazi ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa Doduma, aliyefundisha Bagamoyo na kufariki Desemba 2003. Mwaka 2002 alitoa na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, albamu iitwayo Assembly kupitia kampuni ya Real World. Brook ndiye aliyebuni gitaa linaloshikilia noti bila kikomo, na kwa muziki usiobadilisha kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, hicho ni chombo cha kufaa. Kazi ilifanywa kwa ustadi. Kasoro yake kwa sikio letu ni adabu iliyopitiliza: gitaa limetandikwa chini ya sauti ya mzee kama godoro, halimpingi popote. Unaisikiliza ukiwa umetulia mno. Heshima ya namna hiyo ilimfaa mzee wa hadhi yake. Vijana wanaotoa albamu ya kwanza hawana sababu ya kuwa wapole kiasi hicho, na hasa kama chombo kimoja kinacheza na kingine kinatandika tu, hiyo si bendi.

Wanawake wa ukoo huohuo, The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 2024, na hapo kuna jambo la kuiga: wanawake ndio walioshika usukani. Muheme ni ngoma ya wanawake kwa Wagogo. Bendi ya wanaume wanne inayopiga sampuli ya muheme kutoka kwenye kompyuta imeshakosea kabla ya kuwasha amplifaya.

Kuirekodi muheme kunahitaji uwanja. Ngoma imebanwa mapajani, ngozi iko juu na upande wa chini uko wazi, kwa hiyo nusu ya sauti inakwenda ardhini na kurudi. Ukiwaweka wapigaji juu ya zulia la studio umeshaiua ile nusu. Waweke kwenye udongo uliokanyagika au sakafu ya saruji, wasimame nusu duara kama walivyozoea, maiki mbili kwa usawa wa kiuno, umbali wa mita moja na nusu. Usitoe maiki kwa kila ngoma. Wanaimba huku wanapiga, na sauti zao zitaingia kila mahali tu.

Ni heri kurekodi nje, na nje ya Dodoma kuna adui anayejulikana. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo hauchoki mchana kutwa, na maiki inaupokea kama ngurumo. Rekodi alfajiri, au subiri utulie usiku. Kipindi hicho hewa ni kavu, ngozi zinakaza na ngoma zinapanda. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, zinalegea na kuomba moto kila baada ya dakika chache. Chumba chenye bati nacho kina saa zake: saa nne asubuhi bati linapoanza kupata joto linatoa mlio, na mlio huo utausikia baadaye katikati ya ubeti mtulivu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta isiyo na betri ya akiba inaondoka na faili. Hayo hayana usanii wowote, lakini ndiyo yanayowapa wapinzani silaha.

Wanawake warekodiwe kwanza, bila kliki (mlio wa kuhesabu mwendo) masikioni. Muheme hukimbia kidogo wimbo unapopamba moto, na kukimbia huko ni sehemu ya wimbo. Ukianza na gitaa na kliki, yatatokea mabaya mawili: mwendo utaganda, na waimbaji watavutwa nusu njia kuelekea noti za gitaa, wabaki mahali ambapo si Kigogo wala si kinanda. Ukishakuwa na traki yao, gitaa litafute pa kuingilia. Wapiga gitaa hawapendi kusikia hili. Gitaa likatwe pia masafa yote ya chini ya hezi 120 ili lisigombane na tumbo la muheme, na besi ichague ama kupiga pamoja na muheme ama kunyamaza.

Mwendo unaokimbia si dosari ya kuogopwa. Kwenye wimbo wa Velvet unaoitwa Heroin, wenye kodi mbili tu na kasi inayopanda na kushuka, baada ya dakika 5 ngoma inanyamaza ghafla. Tucker alieleza baadaye kwamba alikuwa hasikii wenzake, akaacha kupiga, wao wakaendelea. Waliiacha hivyohivyo. Inafaa pale kwa sababu wimbo wote unahusu mtu anayepoteza udhibiti. Kosa hilohilo kwenye wimbo wa harusi lingekuwa kosa tu.

Mfano wa kinyume ni bendi ya Uingereza, King Crimson, waliotoa albamu yao ya kwanza tarehe 10 Oktoba 1969. Pete Townshend wa The Who aliisifu mno, mkosoaji Robert Christgau akaitupilia mbali kwa neno la matusi, na sokoni Uingereza ilifika nafasi ya 5. Ndani yake kuna aina zote mbili za mgawanyiko. Wimbo wa Moonchild una dakika 12 na ushee: kama mbili na nusu ni wimbo, zinazobaki ni vyombo vinagusana kimyakimya bila mdundo. Wapo wanaoruka hapo kila mara. Hilo ni wazo, na watu wana haki ya kulikataa. Hata Robert Fripp mwenyewe, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alipoimiksi upya na Steven Wilson mwaka 2009, alikata takriban dakika 3. La pili ni kwamba kichwa cha mashine ya kanda iliyopokea mchanganyiko wa mwisho hakikuwa kimelingana sawasawa, na sehemu ya masafa ya juu ikapotea. Kwa miaka mingi watu walidhani ule ukungu ulikusudiwa.

Bendi ya Dodoma haina kanda wala kichwa cha kupinda, ila ina kifaa cha kukandamiza sauti, nacho kinafanya uharibifu wa aina hiyo. Muheme ina pigo la nguvu na kimya baada yake. Prodyuza aliyezoea singeli atakandamiza mpaka kimya kijae, akidhani anaongeza nguvu. Spotify huushusha wimbo tena hadi LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo faida ya kelele inapotea na hasara inabaki. Mwambie aache angalau desibeli 10 kati ya kilele na wastani.

Urefu ni suala la kupita haraka: dakika 35 zinatosha. Mahali pa ile "ta" ndilo suala. Wengi wangeificha kwenye wimbo wa saba, baada ya kumlainisha msikilizaji kwa nyimbo za kawaida. Hilo ni kosa. Akishazoea noti za kinanda kwa dakika 25, ilimba itamfikia kama chombo kilichoharibika. Ianze wimbo wa kwanza, ilimba peke yake, kwa dakika nzima, sikio lipate kipimo chake. Gitaa linapoingia, gitaa ndilo lionekane geni. Majukwaa ya intaneti yanahesabu mtu amesikiliza baada ya sekunde 30, hivyo hesabu haipotei hata wakikimbia kwenye sekunde ya 40. Watakimbia wengi. Masikio ya mji huu yamelelewa na kwaya zenye kinanda, na kwaya hizo zilishaivuta "ta" juu zamani, hata kwenye tenzi za Kigogo.

Wazee wanaokuja kila mwaka kwenye tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino watakuwa na lao, na halitahusu noti, kwa sababu noti itakuwa yao. Watauliza ni wimbo wa nani, wa msimu gani, na nani aliruhusu upigwe nje ya wakati wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo inalinda sanaa za jadi zikitumika kibiashara nje ya mazingira yake, kwa hiyo BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wapitiwe mapema. Ila barua ya ofisi haimjibu mzee. Tunga mashairi mapya kwa mtindo wa msunyunho, uimbaji wa Wagogo, waombe wenye kijiji wayasikilize kabla ya kurekodi, na usiguse nyimbo za jandoni.

Mchanganyiko ukiwa tayari, kabla ya kulipa hela ya mwisho ya studio, mpelekee mwenye ilimba traki ya wimbo wa kwanza na spika ndogo. Msikilizishe mara mbili, mara ya pili akiwa ameshika ilimba yake. Akipiga juu ya traki na vyuma vya pembeni vikaitika, lipa. Akianza kusukuma chuma kwa kidole ili kiende ndani, funga faili, rudi kwenye ile namba ya ukutani, na anzeni tena na besi.